Neno la mwezi: "REMOTE" ni mbali ya namna gani?

Mwezi huu tuangalie neno moja la Kiingereza ambalo watoto wanalikuta shuleni na wakubwa wanalikuta kwenye mahojiano: "remote". Linatamkwa ri-MOUT, sauti inakazwa mwishoni.

Wengi tunalijua kwa ile rimoti ya televisheni. Ndiyo hilo hilo: rimoti inaamuru kitu ukiwa mbali nacho. Asili yake ni Kilatini, "remotus", yaani kilichosogezwa pembeni.

Lakini "remote" si sawa na "far". "Far" inapima urefu wa njia tu. Kutoka Kasulu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, ila hakuna anayeiita Dar es Salaam "remote", maana kuna bandari, ndege na watu mamilioni. Kijiji cha milimani kule Fizi, ambako gari haifiki na mgonjwa anabebwa kwa machela, hicho ndicho "remote". Basi ukiulizwa ulikotoka, usiishie kwenye neno hilo. Eleza: barabara hakuna, hospitali ni mwendo wa siku ngapi kwa miguu.

Sasa tuje kwenye undugu, maana hapo ndipo penye hatari. Sisi tukisema "ndugu wa mbali" tunaweza kuwa na maana mbili: mtu ambaye ukoo wake na wetu umeachana sana, au ndugu wa tumbo moja anayeishi mbali. Kiingereza hakichanganyi. "Remote relative", au kama wengi wanavyosema "distant relative", ni yule wa kwanza tu. Mama akisema, "Nina ndugu wa mbali, yuko Lusaka," na mkalimani akatafsiri neno kwa neno, karatasini yule kaka anageuka mtu wa ukoo tu. Kwa familia inayoomba kuunganishwa, hilo si jambo dogo. Sema wazi: "Ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, anaishi Lusaka." Na kama unasomewa maelezo yako kabla ya kutia sahihi, sikiliza vizuri hapo kwenye majina ya ndugu. Pakikosewa, sema palepale, usione haya.

Matumizi mengine mawili. "A remote chance" ni uwezekano mdogo sana. Ukiambiwa hivyo kuhusu safari, hiyo si ahadi, usirudi nyumbani ukaanza kuuza sufuria! Na mtu akisema "I haven't the remotest idea", anamaanisha hajui hata kidogo.

Zoezi la jioni: kila mtoto atunge sentensi mbili, moja yenye "far" na moja yenye "remote". Wazazi nao wataje ndugu zao wote, kila mmoja na undugu wake kamili, watoto waandike. Daftari hilo litunzeni.