Bawabu Anayetambua Meno

Kitendawili! Tega.

Bawabu wangu hali wala halali, na humtambua mwenye nyumba kwa meno yake.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Stockholm? Nimeupokea. Nilikwenda Stockholm, nikakaa, na jibu nikalikuta huko huko: ni kufuli, na meno yenyewe ni ya ufunguo.

Leo, wanangu, nataka mjue bawabu huyu anafikiri vipi. Njia nzuri ya kumjua ni kumfungua bila ufunguo, kwa vifaa mlivyovichonga wenyewe. Huu ni mchezo kamili: huku Ulaya na kule Marekani watu hukutana mezani wakashindana nani atafungua kwanza. Nao wana sheria mbili ambazo hawazivunji. Ya kwanza: kufuli liwe lako, au mwenyewe awe amekuruhusu kwa kinywa chake. Ya pili: lisiwe kufuli lililo kazini. La mlangoni, la baiskeli, la sanduku la bibi, yote hayo uyaache, kwa sababu kifaa chako kikikatikia ndani, nyumba nzima italala nje.

Mimi na mpwa wangu, binti wa miaka 12, tulinunua letu Jumapili moja kwenye soko la mitumba la uwanja wa Hötorget. Lilikuwa kufuli kuukuu la shaba, na ufunguo wake ukining'inia kwa uzi.

Chuma cha vifaa vyetu tulikiokota barabarani. Majira ya baridi njia za Stockholm hunyunyiziwa kokoto ili watu wasiteleze kwenye barafu. Theluji ikishayeyuka, magari ya kufagia hupita kuzizoa, na brashi zao zina nyuzi bapa za chuma kigumu. Nyuzi hizo hukatika zikabaki pembezoni mwa barabara, upana wake kama njiti ya kiberiti. Tuliziosha, tukavaa miwani ya kukinga macho, tukaketi na tupa, koleo na msasa. Uzi wa kwanza tuliupinda ncha kama herufi L, taratibu, maana chuma cha namna hii ukikikunja kwa ghafla hukatika. Wa pili tuliuchonga ncha ikainuka kidogo, mfano wa ukucha wa paka, kisha tukausugua kwa msasa hadi ukateleza kidoleni. Ukiwa na mikwaruzo hutasikia kitu.

Sasa ingieni nami ndani ya kufuli. Kuna silinda ndogo ya shaba, na humo ndimo ufunguo unamoingia. Juu yake kuna vishimo vilivyopangwa mstari mmoja, mara nyingi vinne au vitano. Kila kishimo kina pini mbili, moja imeketi juu ya mwenzake, na springi inazisukuma chini. Pini za juu zimekaa nusu ndani ya silinda na nusu nje, kwa hiyo silinda haizunguki. Meno ya ufunguo huinua kila jozi kwa kimo chake, mpaka maungio ya pini zote yalingane na ukingo wa silinda. Hapo njia inakuwa nyeupe. Wazo hili ni la kale: Misri walilichonga kwa mbao, na Mmarekani Linus Yale akalipa umbo tunalolijua katika miaka ya 1860.

Na siri iko hapa. Hakuna fundi awezaye kutoboa vishimo vitano vikanyooka sawasawa kabisa. Kimoja kitakuwa kando kwa unywele. Ukisukuma silinda kidogo kwa kile kijiti cha L, pini ya kishimo hicho ndiyo inayobanwa kwanza. Zipapase zote kwa ukucha wa paka: nyingine zitabonyea laini, hiyo moja itakuwa ngumu. Iinue pole pole. Tik! Silinda imesogea chembe, na pini nyingine imebanwa. Itafute hiyo.

Mpwa wangu alisukuma kwa nguvu, na pini zote zikakwama. Nikamwambia asukume kama anayegusa kope za mtoto aliyelala. Akafumba macho, akaanza kusoma kwa vidole.

Nimesema kusoma, na ninakusudia hivyo, kwani yuko fundi wa zamani aliyeziona mashine kama maandishi. Ni Christopher Polhem, aliyezaliwa mwaka 1661 kisiwani Gotland. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akaletwa Stockholm kwa jamaa yake asome. Jamaa naye akafa, na shule ikakoma. Akaenda kufanya kazi shambani, na huko akajijengea karakana, akaunda vifaa vyake mwenyewe, akawa anatengeneza saa. Alitamani kujua Kilatini, lugha ya vitabu vya elimu wakati huo. Akamtengenezea mchungaji mmoja saa, naye akamlipa kwa masomo. Baadaye alisoma chuo kikuu cha Uppsala, akaifufua saa kongwe ya kanisa kuu la mji huo. Karakana yake ya Stjärnsund, iliyoanzishwa 1700, ilitoa makufuli yasiyotumia pini bali visahani vinavyozungushwa na ufunguo, kila kimoja kwa pembe yake.

Polhem aliamini mashine huandikwa kwa herufi. Aliwaundia wanafunzi vielelezo vidogo vya mbao, akaviita alfabeti ya mashine. Wenzo, kabari, skrubu, kapi na gurudumu ndizo irabu zake tano. Baadhi ya vielelezo hivyo mtavikuta kwenye makumbusho ya Tekniska museet, hapa Stockholm.

Jioni ya tatu kufuli letu lilifunguka. Mpwa wangu hakushangilia. Aliutazama mlango wetu, akauliza:

"Mjomba, kwa hiyo na hili la nyumbani linafunguka?"

"Linafunguka, mwanangu. Kufuli humchelewesha mwizi. Na mafundi hawakujua pa kuliimarisha mpaka mtu alipokaa nalo kama ulivyokaa wewe."

Akafikiri kidogo. Kisha akachukua ufunguo, akalifunga tena lile kufuli letu kuukuu, akafumba macho.