Lugha ya Mafunzo Kazini: Kutoka Hatua Nne za TWI hadi "Sasambua" ya 5S Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu mafunzo ambayo kampuni huwapa wafanyakazi wake aghalabu huanzia kwenye gharama na kuishia kwenye tija. Suala la lugha huguswa kwa kupita tu, kana kwamba mkufunzi akishasema na mfanyakazi akishasikia, basi mafunzo yamekwisha kutolewa. Nchini Tanzania mtazamo huo una athari za kisheria. Kanuni za Utendaji Bora katika ajira, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mwongozo, maelekezo au mafunzo, pale inapohitajika, kabla ya kumwachisha kazi kwa sababu ya utendaji duni. Kwa upande wa utovu wa nidhamu, kanuni hizohizo zinauliza iwapo mfanyakazi aliifahamu, au alitarajiwa kuifahamu, kanuni anayodaiwa kuivunja. Mahali pengi ushahidi wa mafunzo ni karatasi ya mahudhurio yenye saini. Ikiwa somo lilitolewa kwa lugha ambayo mtia saini haielewi vema, karatasi hiyo inathibitisha kuwapo kwake chumbani na si zaidi ya hapo. Makala haya yanafafanua namna lugha ilivyo sehemu ya mbinu yenyewe ya mafunzo kazini, kwa kufuata njia ya mbinu moja kutoka Marekani hadi Tanzania.

2.0 Hatua ya tatu

Mwaka 1940, Marekani ilipokuwa ikipanua viwanda vyake vya zana za vita, mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache na wageni wa kazi walikuwa wengi. Serikali ilianzisha programu iliyofahamika kwa herufi TWI, iliyodumu hadi mwaka 1945. Haikumfundisha mfanyakazi moja kwa moja. Ilimfundisha msimamizi wake namna ya kufundisha. Kozi yake kuu ilichukua saa 10, yaani vipindi vitano vya saa mbili mbili, na ilijengwa juu ya hatua nne zilizotokana na kazi ya Charles R. Allen, aliyekuwa amewafunza wajenzi wa meli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchapisha kitabu chake mwaka 1919. Hadi programu inafungwa, watu zaidi ya milioni 1.6 walikuwa wamepata vyeti vyake.

Hatua ya kwanza ni kumwandaa mwanafunzi, ya pili ni kumwonesha kazi, na ya nne ni kumfuatilia anapoachwa peke yake. Uzito wote, hata hivyo, uko katika hatua ya tatu. Hapo mwanafunzi huifanya kazi kwa mikono yake, kisha huirudia huku akieleza kwa kinywa chake kila jambo la msingi na sababu yake. Mkufunzi haruhusiwi kuendelea mpaka awe na hakika kwamba mwanafunzi ameelewa. Kumwuliza kama ameelewa hakutoshi, kwa kuwa jibu la swali hilo karibu kila mahali ni "ndiyo".

Hatua hii ni tendo la lugha. Mwendesha mashine wa Dar es Salaam au Morogoro anaweza kutazama na kuiga bila kusema neno, lakini kueleza kwa nini mkono usipite chini ya kisu kabla umeme haujakatwa kunahitaji lugha anayoimudu. Kwa wafanyakazi wengi wa viwandani nchini lugha hiyo ni Kiswahili. Slaidi za Kiingereza zinazosomwa na mkufunzi, kisha kufafanuliwa kwa haraka kwa Kiswahili cha papo hapo, huiruka hatua ya tatu kabisa: anayezungumza mwanzo hadi mwisho ni mkufunzi peke yake.

3.0 Kutoka seiri hadi sasambua

Baada ya vita, TWI ilipelekwa Japani wakati nchi hiyo ikiwa chini ya majeshi ya Washirika, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Toyota iliichukua. Iliingia katika mkondo wa fikra za uboreshaji endelevu zinazojulikana kama kaizen. Kutoka huko ndiko yalikotoka mafunzo ya 5S, yaliyoingia Tanzania kwa ushirikiano na shirika la JICA, kwanza katika hospitali, ambapo Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa za awali kabisa mwaka 2007, na baadaye katika viwanda.

Herufi S tano ni za maneno ya Kijapani: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Wafasiri wa Kiingereza walitafuta maneno matano yanayoanza na S, na tafsiri iliyoenea Tanzania ikafuata njia hiyohiyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kwa kukumbukwa, uamuzi huo umefaulu. Kwa maana, una gharama, na gharama hiyo si sawa kwa kila neno. "Safisha" halina tatizo. "Seti" ni neno la mkopo ambalo fundi anayeseti saa au mashine amekwisha kulizoea, ingawa "panga" lingetosha. "Sasambua" ni jambo jingine. Seiri ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, kisha kukiondoa kisichohitajika. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo hasa, nacho ni "chambua", kinachofahamika kwa yeyote aliyewahi kuchambua mchele au pamba. "Sasambua" kwa wasemaji wengi huleta kwanza picha ya kuvua nguo, na bila shaka wakufunzi wamezoea kicheko cha siku ya kwanza. Kicheko chenyewe si kibaya. Pengine husaidia neno likae akilini. Lakini mfanyakazi anayetakiwa kueleza kwa maneno yake hupewa neno ambalo hana budi kulifasiri kwanza.

"Sanifisha" limekaa vema masikioni mwa wasomi wa lugha, waliolizoea kupitia Kiswahili sanifu, na si lazima iwe hivyo karakanani. "Shikilia" nalo hubeba nusu tu ya shitsuke, ambayo ina maana ya malezi na nidhamu: mtu kulelewa mpaka utaratibu uwe tabia yake. Anayeambiwa ashikilie huwazia amri ya msimamizi.

Haya hayana maana kwamba herufi S ziachwe. Karakana za Afrika Mashariki zimekwisha kuonesha kwamba neno geni si kikwazo: spana, jeki, gia, breki na fyuzi ziliingia kwa sababu mtu alikishika kitu huku akikitaja. Istilahi ya 5S haitaji kitu cha kushikwa mkononi, inataja uamuzi, na uamuzi huhitaji maelezo.

4.0 Nani agharimie tafsiri?

Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi mwaka 2023. Nchini Kenya tozo ya mafunzo ya viwandani ni shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anayelipa anaweza kuomba arejeshewe sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Tofauti hii ina uzito kwa hoja ya lugha. Mahali ambapo mafunzo ya ndani huonekana kuwa gharama juu ya tozo iliyokwisha kulipwa, kazi ya kuandaa kitini cha Kiswahili ni rahisi kuwa ya kwanza kukatwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, lakini hayakugusa kitini cha kiwandani. Hivyo basi, mfanyakazi aliyefundishwa kwa Kiingereza anaweza kujikuta akisikilizwa kwa Kiswahili mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiulizwa kama alifundishwa, huku saini yake ikiwa mezani.