Programu Huria na Rejesta ya Kituo cha Afya: Safari ya Takwimu kutoka Mwandoya

Kila huduma inayotolewa katika kituo cha afya huacha maandishi nyuma yake. Mjamzito aliyepimwa shinikizo la damu, mtoto aliyechanjwa, mkulima wa pamba aliyegundulika kuwa na malaria: kila mmoja huandikwa katika rejesta inayohusika. Kutoka kata ya Mwandoya, wilayani Meatu, maandishi hayo huanza safari ndefu. Hujumlishwa mwisho wa mwezi, hufikishwa Mwanhuzi yaliko makao makuu ya wilaya, husomwa Bariadi na wasimamizi wa afya wa Mkoa wa Simiyu, na hatimaye huifikia Wizara ya Afya. Idadi ya chanjo zitakazoletwa, dawa zitakazoagizwa na watumishi watakaopangwa hutegemea kwa kiasi kikubwa tarakimu hizo. Hata hivyo, ni nadra kuulizwa swali hili: chombo kinachobeba tarakimu hizo ni kipi, na ni nani anayeruhusiwa kukifungua na kukikagua?

Maana ya programu huria

Programu ya kompyuta ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili mashine iyatekeleze. Maagizo hayo huitwa msimbo chanzo. Zipo kampuni zinazouza programu huku zikiuficha msimbo wake. Mnunuzi huruhusiwa kuitumia tu, tena kwa masharti. Programu huria hufuata njia nyingine. Leseni yake humpa kila mtu haki nne: kuitumia kwa kusudi lolote, kuuchunguza msimbo wake, kuubadili ulingane na mahitaji yake, na kuwagawia wengine nakala, iwe ya awali au iliyoboreshwa. Fikra hiyo ilipata msukumo mkubwa mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU. Leo wanasayansi na wahandisi wengi duniani hufanya kazi zao kwa zana za namna hiyo.

Mtumishi wa afya anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama dawa anayoifahamu vyema, yaani ORS. Kanuni yake imetangazwa na Shirika la Afya Duniani: katika lita moja ya maji kuna gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kuitengeneza, na maabara yoyote yenye vifaa inaweza kupima kama pakiti fulani imetimiza vipimo. Pakiti ina gharama, lakini kanuni haikufichwa. Kwa kuwa kanuni iko wazi, kosa la mtengenezaji hubainika kabla halijaleta madhara makubwa. Programu huria hutoa kinga ya aina hiyo hiyo katika hesabu za afya.

Chombo kinachobeba takwimu za nchi

Tanzania ilianza kutumia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA, katika miaka ya 1990. Vitabu vyake vimezoeleka vituoni: Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wodi ya wazazi. Kwa miaka mingi majumuisho yake yalisafiri kwa karatasi, na ripoti iliyochelewa njiani iliweza kufika wakati mlipuko wa ugonjwa umekwisha kupita.

Chombo kilichobadili hali hiyo kinaitwa DHIS2, nacho ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika Kusini, ambako baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 wataalamu walitafuta namna ya kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa zimetawanywa na ubaguzi wa rangi. Toleo la pili liliundwa upya chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ili lifanye kazi kupitia intaneti. Kenya ililieneza nchi nzima mwaka 2011. Nchini Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na Wizara ya Afya kulirekebisha lifuate vitabu vya MTUHA, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010 likaenea katika wilaya zote. Leo DHIS2 hutumika katika nchi zaidi ya 70.

Hesabu inayoweza kukaguliwa

Umuhimu wa uwazi huonekana katika hesabu ndogo. Chanjo ya pentavalenti hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika miezi mitatu kituo kimechanja watoto 120 dozi ya kwanza na watoto 96 dozi ya tatu. Tofauti ni 24. Ukigawanya 24 kwa 120 unapata asilimia 20, nacho ndicho kiwango cha watoto walioacha chanjo kabla ya kukamilisha. Kinapozidi asilimia 10, huchukuliwa kuwa dalili ya tatizo: pengine siku ya kliniki huangukia siku ya mnada, pengine mvua zimekata njia, pengine mama alirudishwa nyumbani kwa kuwa chanjo ilikuwa imekwisha.

Ndani ya DHIS2, kila kiashiria huonyesha kinachogawanywa na kinachogawia. Mratibu wa MTUHA anaweza kufungua fomula na kuisoma mwenyewe. Tukichukulia kwamba kiwango cha uchanjaji cha kata fulani kimeonekana kuwa asilimia 118, jibu halitafutwi kwa kubahatisha. Huenda makadirio ya idadi ya watoto ni madogo kuliko hali halisi. Huenda familia za kata jirani huja kuchanjia hapo. Huenda mtoto mmoja aliandikwa mara mbili. Kila dhana inaweza kupimwa, kwa sababu hatua za hesabu zinaonekana. Katika programu iliyofungwa, mtumiaji hupewa jibu la mwisho na kutakiwa kuliamini. Kosa la fomula linaweza kudumu kwa miaka pasipo mtu kulitambua, na watoto wanaokosekana katika hesabu wakabaki bila chanjo.

Uhuru wa kubadili

Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu uliundwa kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na wilaya mpya za Itilima na Busega zikazaliwa. Mabadiliko kama hayo hulazimu mfumo wa taarifa upangwe upya ili kila zahanati ihesabiwe chini ya wilaya na mkoa wake. Pale ambapo programu ni huria na wataalamu wa nchi wameisomea, kazi hiyo hufanywa nyumbani pasipo kuomba ridhaa ya kampuni ya ng'ambo wala kununua leseni nyingine.

Uhuru wa kugawa nao ulidhihirika wakati wa janga la UVIKO-19. Mnamo Januari 2020 wataalamu wa Sri Lanka waliirekebisha DHIS2 ili kufuatilia wasafiri waliokuwa wakiingia nchini mwao. Kazi hiyo iliwekwa wazi, ikaboreshwa, na ndani ya miezi michache nchi nyingine nyingi, zikiwemo za Afrika, zikaichukua bila kuanza upya.

DHIS2 haiko peke yake. Mfumo wa kielektroniki wa kuagiza dawa na vifaa tiba nchini, eLMIS, umejengwa juu ya programu huria ya OpenLMIS. Watafiti huchambua takwimu kwa kutumia R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand. Kwa ramani ipo QGIS. Chukua ugonjwa wa kichocho, unaojulikana sana katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Vijiji vyenye watoto wanaokojoa damu vinapowekwa kwenye ramani moja na malambo ambamo watoto huogelea na kunywesha ng'ombe, afisa afya huona mahali pa kuanzia: wapi elimu itolewe kwanza, wapi dawa za kingatiba zisikosekane. Kazi hiyo inahitaji kompyuta na ujuzi; haihitaji leseni ya gharama.

Mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Kwanza, huria si sawa na kutokuwa na gharama. Leseni hailipiwi, lakini umeme, seva, intaneti, kompyuta na mafunzo vyote vina bei. DHIS2 yenyewe imeendelezwa kwa miaka mingi kwa fedha za wafadhili, ikiwemo Serikali ya Norway. Nchi inayopokea programu huria bila kuwaandaa wataalamu wa kuitunza huwa kama mtu aliyepewa ng'ombe bila malisho. Pale ambapo mtandao ni hafifu, toleo la DHIS2 la simu na vishikwambi huwezesha kuingiza taarifa bila intaneti na kuzituma baadaye. Lakini ni lazima kifaa kiwe na chaji na mtu wa kukitumia.

Pili, uwazi wa msimbo si uwazi wa taarifa za mgonjwa. Hofu hii ni ya haki na inastahili jibu. Kinachoachwa wazi ni namna programu inavyofanya kazi, mfano wa fundi anayeonyesha jinsi kufuli lilivyoundwa. Kujua muundo wa kufuli hakumpi mtu ufunguo wa nyumba. Ripoti za mwezi hubeba majumuisho, si majina. Pale ambapo mfumo huhifadhi taarifa za mtu mmoja mmoja, nywila na mipaka ya ruhusa hutakiwa kumzuia asiyehusika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwenye taarifa. Tishio la kila siku mara nyingi ni dogo na la karibu: nywila moja inayotumiwa na watumishi watano, au ukurasa wa rejesta uliopigwa picha na kutumwa katika kundi la WhatsApp.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Hakuna programu, huria au iliyofungwa, inayoweza kujua kilichotokea iwapo hakikuandikwa. Kifo cha mtoto mchanga kisichoingizwa katika Kitabu namba 12 hakitaonekana Mwanhuzi, Bariadi wala Dodoma. Na tatizo lisiloonekana halitengewi fedha. Hivyo mhudumu anapaswa kuandika wakati huduma inapotolewa, si kukumbuka mwisho wa wiki. Anapaswa kuacha nafasi wazi pale kipimo hakikufanyika badala ya kujaza tarakimu inayopendeza. Shinikizo la damu la 120/80 lililoandikwa kwa kila mjamzito siku ambayo mashine ilikuwa mbovu linaweza kumficha mama mmoja anayeelekea kupata kifafa cha mimba. Kabla ya kutuma ripoti, mwenzake aihakiki dhidi ya rejesta. Na matokeo yanaporudi kutoka wilayani, yajadiliwe kituoni.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Ataje jina, umri na kijiji chake kwa usahihi, tena kwa namna ile ile kila anapohudhuria. Aitunze kadi ya kliniki, kwa kuwa ndiyo inayounganisha dozi ya kwanza na ya tatu. Ana haki ya kuuliza taarifa zake zinaandikwa kwa kusudi gani na nani atazisoma, na mhudumu ana wajibu wa kumjibu kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kisukuma.

Programu huria imeipa Tanzania chombo ambacho wataalamu wake wenyewe wanaweza kukifungua, kukikosoa na kukirekebisha. Ukweli wa kitakachobebwa na chombo hicho huamuliwa katika kituo cha afya, pale mhudumu anaposhika kalamu na mgonjwa anapojibu swali.