Ukisikia ngurumo, ondoka mbugani



Katika tambarare za Marekani kuna watu wanaofuata dhoruba kwa magari ili kuzichunguza. Kwa kawaida hawaingii katikati yake. Huangalia wingu linaelekea wapi, na kila wakati wanajua njia ya kutokea. Wewe huifuati dhoruba. Yenyewe ndiyo hukukuta mbugani ukiwa na mifugo. Hata hivyo, kanuni yao inakufaa: pima umbali, ondoka mapema.

Hesabu. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ngurumo ikifika kabla ya 30, radi inaweza kukupiga hata kama mvua haijaanza. Wachungaji, hasa watoto, wakimbilie nyumba imara. Wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Usijikinge chini ya mti. Radi mara nyingi hupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake. Ikipiga mti, umeme husambaa ardhini kuzunguka shina. Miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe imeachana sana, hivyo umeme hupanda mguu mmoja na kutokea mwingine, ukipita moyoni. Ndiyo maana ng'ombe kadhaa hufa pamoja chini ya mti mmoja. Waondoe mapema kwenye miti mirefu na uzio wa waya. Radi ikiwa imekwisha kuwa karibu, waache ng'ombe ujiokoe wewe.

Tazama pia mlimani. Mto Lumemo unatoka milima ya Udzungwa. Mvua ikinyesha huko, maji hushuka bondeni hata kama kwako kuna jua. Mwaka 2024 maji ya mafuriko yaliingia Ifakara. Ukiona wingu jeusi juu ya Udzungwa, usilaze mifugo kandokando ya mto. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakileta magogo, usivuke.

Mnyama akifa ghafla, usimchune wala kumla, hata kama unaamini ni radi. Kimeta nacho huua ghafla, na humwambukiza mtu. Mwite afisa mifugo kwanza.

Sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupanga malisho ya kesho. Ng'ombe aliyepotea kwenye mvua anaweza kutafutwa. Mchungaji aliyeuawa na radi harudi.