Marehemu Hutajwa kwa Jina

Februari 2025, afisa wa polisi wa Kenya aliuawa Haiti, katika eneo la Artibonite, akiwa na kikosi cha kimataifa kilichopelekwa kupambana na magenge. Muda si muda jina lake lilikuwa redioni na picha yake kwenye simu za watu wasiomjua. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Wengi walikuwa vijana waliotoka mafunzoni karibuni, na miili ikakaa bondeni siku kadhaa kabla ya kuchukuliwa. Ni Wakenya wangapi, nje ya familia zao, wanaoweza kumtaja hata mmoja wao? Tanzania nayo ilipoteza askari 8 Aprili 2017, katika shambulio moja Kibiti, mkoani Pwani, na katika mazungumzo ya watu wamebaki "wale wanane". Anayekufa peke yake hubaki na jina lake. Wanaokufa pamoja hugeuka idadi. Nami nashikilia kwamba idadi haitoshi kuitwa kumbukumbu. Askari aliyekufa kazini hukumbukwa pale jina lake linapoandikwa pamoja na mahali alipofia na sababu ya kifo chake.

Marekani wamelifanya jambo hili kwa uangalifu unaostahili kutazamwa. Jijini Washington kuna kuta za mawe za kuwakumbuka polisi waliokufa kazini, zilizozinduliwa Oktoba 1991 zikiwa na majina yapatayo 12,000. Leo yamepita 24,000, na si kwa sababu ya vifo vipya pekee: watafiti hupekua kumbukumbu za zamani, na askari aliyesahaulika zaidi ya miaka mia akipatikana, naye huchongwa ukutani. Vyeo haviandikwi. Kamanda na askari wa doria wamelala mstari mmoja, na orodha maalumu humwelekeza mzazi au mjane mahali pa kutafuta. Aliyegongwa na gari akiongoza magari barabarani yumo sawa na aliyepigwa risasi. Hapa ndipo penye uzito, kwa maana anayeandika sababu ya kila kifo hatimaye huona sababu zinazojirudia. Katika miaka ya 1960 hesabu za huko zilionyesha askari wengi zaidi wakiuawa kwa bastola. Kutokana na hilo serikali ikagharimia utafiti wa fulana nyepesi za kuzuia risasi, zilizofumwa kwa nyuzi za Kevlar, na fulana hizo zimewarudisha nyumbani maelfu ya askari. Suguta nako, ukiandika kifo kimoja kimoja, utalazimika kuandika pia nani aliamuru msafara ule, askari walijua nini kuhusu bonde lile, na walibeba nini mikononi. Maneno "zaidi ya 40" hayaulizi lolote kati ya hayo.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba polisi haohao wameua raia. Mama ambaye mwanawe alipigwa risasi katika maandamano ya Nairobi ya Juni 2024 atajisikiaje akiambiwa polisi wajengewe mnara? Sitamwambia anyamaze. Lakini anachokidai ni hichohicho ninachokitetea: jina la mwanawe, mahali alipoangukia, aliyefyatua risasi. Kenya ilipitisha mwaka 2011 sheria iliyounda mamlaka huru ya kuchunguza vifo vinavyosababishwa na polisi, na kazi hiyo haiendi bila kumbukumbu zilizoandikwa kwa ukweli. Kituo kinachoandika kwa uaminifu jinsi askari wake alivyokufa hakina tena kisingizio cha kutoandika jinsi raia alivyofia mikononi mwake. Ninachokikataa ni sifa za jumla zinazomfanya kila mwenye sare kuwa shujaa. Hizo huwadhulumu hata askari waliokufa kwa uadilifu.

Wengine husema mawe na majina hayamfufui mtu. Kweli, hayamfufui. Aprili 17, 1984, Yvonne Fletcher, polisi wa London mwenye umri wa miaka 25, alipigwa risasi kutoka ndani ya ubalozi wa Libya alipokuwa akilinda maandamano. Jiwe lenye jina lake liliwekwa mahali hapohapo mwaka uliofuata. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Hata hivyo mwenzake, John Murray, aliyekuwa zamu moja naye siku ile, hakuiacha kesi. Novemba 2021, miaka 37 baadaye, Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua katika shauri la madai kwamba Saleh Ibrahim Mabrouk alihusika na anawajibika kwa ufyatuaji ule. Murray alikuwa amedai fidia ya pauni 1.