Mtoto Mwenye Kifafa na Kambi ya Skauti

Kila likizo ikaribiapo, waalimu wa Skauti huandika majina ya watoto watakaokwenda kambini, na mara nyingi jina moja hufutwa, nalo ni la mtoto mwenye kifafa. Si kwamba mwalimu anamchukia. Aogopa moto, aogopa mto, na zaidi ya hayo aogopa povu la mtoto huyo lisije likawaambukiza wenziwe.

Hofu hiyo ya povu haina msingi hata kidogo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa kugusana, wala kwa kula sahani moja. Huweza kuletwa na shida wakati wa kuzaliwa, au malaria iliyopanda kichwani, au pigo la kichwa. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, akakuta wagonjwa wengi wenye makovu ya moto. Walikuwa wameanguka mekoni, na watu waliokuwapo wakaogopa kuwagusa. Wazee wetu na walifikiri sana jambo hili, kwa maana makovu yale hayakuletwa na ugonjwa peke yake.

Moto na maji, hizo ni hatari za kweli, lakini zina dawa yake. Lord Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, alipofanya kambi ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, aliwagawa vijana wapatao 20 katika vikosi 4, kila kikosi na kiongozi wake. Mpango huo watufaa sana. Katika kikosi kidogo ni rahisi kumpa mtoto mwenzi mmoja wa kuwa naye daima. Asiwekwe kupika motoni, bali achambue mchele, afunge kamba za hema, asome alama za njia. Asipande miti. Mtoni asiingie ila mtu mzima ajuaye kuogelea awe karibu naye, na usiku alale chini juu ya mkeka, mbali na moto.

Kiongozi amwulize mzazi habari za dawa, zipewe kila siku kwa saa zake. Kuziacha ghafula ni hatari. Tena kukosa usingizi huamsha kifafa. Basi nyimbo za usiku zisipite kiasi (jambo ambalo, nakiri, ni gumu kuliko yote kambini).

Akianguka, mwondoeni karibu na moto au maji na vitu vigumu, mkamwekee nguo laini chini ya kichwa, mkalegeze ukosi wa shati. Msimshike kwa nguvu. Msimtie kijiko wala kijiti kinywani, ijapokuwa wengi tulifundishwa hivyo. Meno huvunjika, na pumzi huweza kuzibwa. Mtikiso ukipungua, mlazeni ubavu ili mate yatoke. Tazameni saa: mara nyingi hupita kwa dakika mbili au tatu. Zikizidi 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali upesi.

Baadaye atalala kidogo, tena huenda akaona haya. Mwenziwe aketi naye mpaka aamke vema, kisha arudi katika kikosi chake na kazi yake ile ile. Asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo.