Twiga wa Sergoit: Nyuma ya Seng'enge Mna Nini?

Mtu wa Pwani akipanda bara hadi Eldoret hukutana na mambo mawili kabla hajateremsha mzigo wake. La kwanza ni baridi. Mji umekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kanzu ya melimeli haifui dafu huko. La pili ni maswali. Watu wa Eldoret ni wakarimu, lakini si watu wa kumeza jambo bila kulitafuna, na siku nilizokaa kwao nililikuta swali moja likizunguka kama kikombe cha kahawa barazani: huko Sergoit, kando ya uwanja wa gofu, ndani ya seng'enge ile ndefu, mna nini, na mmewekewa nini?

Mwenyeji wangu ni bwana mmoja mzaliwa wa huko huko, Mswahili ambaye babu yake alipanda bara wakati reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, asirudi tena. Baada ya sala ya alasiri alinichukua tukashika barabara ya Iten. Kushoto ngano, kulia mahindi, na mbele yetu jabali la Sergoit limechomoza peke yake katikati ya uwanda kama jahazi lililopwelewa. Vijana wa mbio walitupita kwa miguu, na gari letu likiwa linakwenda!

Tulisimama kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kando ya njia. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, nikamuuliza, "Mama, humo ndani mna nini?"

"Mna twiga, mzee," akajibu.

"Ni wa nani?"

Akacheka, akageuza mhindi wake juu ya makaa. "Hilo, mzee, hata sisi huulizana."

Ndugu msomaji, swali la mama yule si dogo, nami nikaona aibu kurudi Mombasa bila kulitafutia jibu. Kuuliza si ujinga. Basi haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, tusidhani kwamba twiga ni mgeni Uasin Gishu. Wageni ni ngano na gofu. Jina lenyewe la Uasin Gishu ni la Wamaasai waliokuwa wakichunga katika uwanda huo, na zama hizo wanyama walikuwa wakitembea huko kama mbuzi wa mtaani. Mwaka 1903 mtaalamu wa Kiingereza, Richard Lydekker, alipomwandika katika vitabu vya elimu twiga huyu ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la twiga wa Rothschild, mahali pa asili alipopataja ni uwanda huu huu wa Uasin Gishu. Jina Rothschild ni la tajiri mmoja wa Uingereza aliyekuwa bingwa wa kukusanya wanyama wa kila namna. Lakini twiga mwenyewe ni mwana wa hapa, tena wa ukoo bora!

Utamtambua kwa alama. Madoa yake hukoma magotini, na kutoka hapo hadi kwatoni miguu ni myeupe, kama mtu aliyevaa soksi za skuli. Na dume lake likikomaa huwa na vijipembe vitano kichwani: viwili juu, kimoja pajini, na viwili vidogo nyuma ya masikio. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni kwenye urais wa Marekani, alifika Sergoit akatazama vijana wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Uwanda ulikuwa bado umejaa.

Mwaka mmoja kabla yake, 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini walikuwa wamekwishapanda na magari yao ya ng'ombe. Ardhi ikagawiwa mashamba, na kila shamba likapewa nambari. Mji wa Eldoret ulizaliwa katika shamba nambari 64, na hata leo wazee huuita Sikisti Foo. Nambari zikaleta mipaka, mipaka ikaleta seng'enge, nayo seng'enge ikaleta jembe. Twiga anayekula majani ya migunga hana la kufanya katika shamba la ngano ila kuvunja ua na kutafuta njia. Akawa mhalifu katika nchi ya babu zake.

Ilipofika miaka ya sabini, waliosalia walikuwa wachache mno, na wengi wao walikuwa katika shamba moja kubwa la mtu binafsi huko Soy, katika njia ya kwenda Kitale. Shamba lile nalo likawa katika kugawiwa watu wapate kulima, na wenye haki ya kulima walikuwa raia walioikosa ardhi kwa miaka mingi. Hapa, msomaji, hapana wa kulaumiwa. Mtu ana njaa ya ardhi, na mnyama ana njaa ya majani, na mahali ni pamoja. Mwaka 1974 bwana Jock Leslie-Melville na mkewe Betty walichukua kitoto cha twiga kutoka Soy, wakakiita Daisy, wakakilea nyumbani kwao Langata, Nairobi. Baadaye wakachanga fedha, na mwaka 1977 kundi la twiga wa Soy likahamishiwa Mbuga ya Nakuru. Kituo cha Twiga cha Langata, ambacho watoto wa skuli hukimiminikia hadi leo, kilifunguliwa mwaka 1983 kutokana na kazi hiyo.

Sasa nirudi Sergoit. Mahali hapa hujulikana kwa jina la Sergoit Golf and Wildlife Resort, na jina hilo lenyewe ndilo linalowatatanisha jirani. Gofu wanaijua: ni mchezo wa wakubwa, kijipira na fimbo. Wanyama wanawajua. Lakini gofu na wanyama katika ua mmoja? Wako wanaodhani ni mbuga ya serikali. Wako wanaosema ni bustani ya matajiri ya kuangalia twiga huku wakinywa chai. Na wako wasemao kimya kimya kwamba ardhi ikifungwa, haifunguki.

Jibu la mama wa mahindi limo katika sheria. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inasema kwamba ardhi yaweza kuwa ya mtu, lakini mnyama wa mwitu ni wa dola, imemshika kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye shamba anaruhusiwa kumhifadhi na kufanya utalii kwa kibali. Kumchinja au kumuuza apendavyo, hapana. Uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Sheria hiyo hiyo imeweka kamati katika kila kaunti, na mojawapo ya kazi zake ni kusikiliza madai ya fidia ya watu waliodhuriwa na wanyama walioorodheshwa. Basi mama, twiga wale ni wako! Ni wako kama vile bahari ilivyo yangu: sina chombo, lakini hapana awezaye kuniambia si yangu.

Na dalili ya kwamba ni wa wote ilionekana mwezi wa Julai 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipochukua baadhi ya twiga wa Sergoit likawapeleka Ruko, katika hifadhi ya jamii kando ya Ziwa Baringo. Hifadhi ya Ruko ni ya Wapokot na Wailchamus, watu ambao kwa miaka walikuwa wakinyang'anyana mifugo na kumwaga damu, kisha wazee wao wakaona afadhali washike jambo moja la kulinda pamoja. Huko huko ndiko twiga wa kwanza, waliopelekwa mwaka 2011, walipozingirwa na maji ziwa lilipofurika, rasi yao ikawa kisiwa, na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 wakavushwa mmoja mmoja juu ya chelezo kilichoundwa makusudi. Sisi watu wa majahazi tungetoa pesa kumwona twiga abiria!

Kwa nini wahamishwe? Kwa sababu ua una ubaya wake. Kundi likifungiwa mahali pamoja vizazi kwa vizazi, damu huwa moja, na damu moja hudhoofisha. Zamani dume lilitembea likaoa mbali. Leo lori ndilo mshenga. Na idadi yao si ya kuchezewa: katika sensa ya wanyama ya mwaka 2021, twiga wa aina hii katika Kenya nzima hawakutimia 1,000. Jike hubeba mimba kwa kiasi cha miezi 15 na huzaa mtoto mmoja. Biashara ya namna hiyo, ukila mtaji, haurudi.

Msomaji wa Pwani atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu tangu kale. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulifika China ukimpelekea mfalme Yongle zawadi ya twiga, na Wachina wakamdhani ni mnyama mtukufu wa hadithi zao, ambaye hutokea tu mfalme akiwa mwadilifu. Wanazuoni wetu nao hawakumwacha. Al-Jahidh wa Basra alimzungumza katika kitabu chake cha wanyama, akiwatilia shaka waliodai kwamba twiga ni mchanganyiko wa ngamia, ng'ombe na fisi. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi aliiona nyama yake kuwa haramu, Subki akaiona halali. Nilipomhadithia mwenyeji wangu akasema, "Basi, Maalim, mwacheni ale majani yake kwa raha, maadamu hamjapatana!"

Lakini jambo lililonijia kichwani pale njiani ni jingine. Neno la ardhi iliyofungwa kwa ajili ya manufaa si geni kwa aliyesoma chuoni. Waarabu huiita hima. Kabla ya Uislamu, mkubwa wa kabila alikuwa akijifungia malisho mazuri kwa ajili ya mifugo yake, na wanyonge wakatazame kwa mbali. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliifuta desturi hiyo ya mtu kujifungia mwenyewe, akaweka hima ya Naqii kwa farasi wa Waislamu wote. Na Sayyidna Omar alipoweka hima ya Rabadha, alimpa mlinzi wake agizo ambalo kila mwenye seng'enge angelijua: mwenye vingamia vichache na vikondoo vichache mruhusu aingie, matajiri, hata wakiwa masahaba wakubwa kama Ibn Auf na Ibn Affan, wazuie, kwa kuwa wao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba, bali maskini akifiwa na vyake, atakuja na watoto wake akilia mlangoni pa hazina.

Kwa hivyo ua wenyewe si dhambi. Huku kwetu kaya za Wamijikenda, zilizotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, zimehifadhi misitu kwa karne nyingi, na ua wake ni miiko. Nako Bamburi, machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa jeupe yalianza kupandwa mivinje na Rene Haller mwaka 1971, na leo mtoto wa Kisauni humlisha twiga kwa mkono wake. Mtoto yule haulizi twiga ni wa nani. Amekwishamgusa ulimi.

Hiyo ndiyo tofauti. Jirani wa Sergoit anaona shingo juu ya seng'enge asubuhi akienda kukama, na jioni akirudi shamba. Ajuaye jina la mnyama na kisa chake ni mtalii aliyetoka mbali. Koo za Wakalenjin kila mmoja una mnyama wake wa kuheshimiwa: huu una simba, huu fisi, huu nyuki. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa kupenda wanyama, wanahitaji kuambiwa. Siku moja ya kila mwezi walimu wa skuli za karibu wakiruhusiwa kuingiza watoto, na baraza moja ya wazee ikielezwa mipaka, kazi na mapato, swali lile litakufa lenyewe. Lisipoelezwa, litaota miguu, na swali lenye miguu huruka ua usiku.

Jua lilikuwa linatua nyuma ya jabali. Twiga watatu walitokeza kwenye migunga, wakasimama wakitutazama, soksi zao nyeupe zikimeremeta. Gari lilipokuwa linarudi mjini nilitunga ubeti huu, nikampa mwenyeji wangu kuwa ahsante ya safari:

Twiga umeumbwa wima, shingo mbinguni yafika,
Mwituni ulisimama, pasi uzio na shaka,
Leo seng'enge ya chuma, pande zote yazunguka,
Weye ndani waridhika, wa nje ndiye auliza.

Akausoma, akanyamaza, kisha akasema yeye ana miaka sitini Eldoret na hajapata kuingia humo. Wiki hii iliyopita amenipigia simu. Amemchukua mjukuu wake, na yule mama wa mahindi, wakaenda mpaka langoni kuuliza siku ya kuingia.